Kolamu sita za idadi_ya_w

Neno lenyewe, juu ya jedwali la kompyuta, lilikuwa hili: idadi_ya_w. Chini yake zilishuka namba, nyumba baada ya nyumba: 6, 4, 9, 3. Kando yake kulikuwa na idadi_ya_1, kisha idadi_ya_2, na kuendelea hadi idadi_ya_5. Kolamu sita, nyumba zaidi ya 400, na mwenyekiti wa serikali ya mtaa aliyekuwa akisubiri jibu la swali moja tu: wazee wako nyumba zipi?

Ulikuwa mwezi Februari. Mtaa wenyewe uko bondeni mwa Mto Msimbazi, Dar es Salaam, na huko watu huanza kuyawaza masika mapema. Mafuriko ya Desemba 2011, yaliyoua makumi ya watu jijini, bado yanasimuliwa barazani kwa kutaja maji yalifika dirisha la nani. Ndiyo maana vijana wa mtaa walikubali kujitolea. Kwa wiki tatu walipita nyumba kwa nyumba, simu mkononi, wakipiga hodi, wakiuliza nani analala hapa na nani hawezi kutembea bila kushikwa mkono, halafu wakisimama mlangoni kungoja GPS itulie ndipo wachukue nukta.

Fomu niliiandika mimi, kwa Kiswahili. Kolamu niliziita idadi_ya_wakazi, idadi_ya_wanawake, idadi_ya_wanaume, idadi_ya_watoto, idadi_ya_wazee na idadi_ya_wenye_ulemavu. Nilijiona nimefanya kazi safi: mtu yeyote akifungua jedwali lile ataelewa bila kuuliza. Tukazipeleka data kwenye ofisi moja iliyojitolea kututengenezea ramani ya uokoaji. Wao wakapanga upya kolamu, wakahifadhi kazi yote kama shepufaili (shapefile), fomati, yaani muundo wa faili, ya kuhifadhia ramani, wakaturudishia kwa flashi pamoja na ramani iliyochapishwa kwenye karatasi kubwa.

Aliyeligundua kosa alikuwa mjumbe wa shina, mama wa makamo anayezijua nyumba zake zote. Aliinama juu ya karatasi, akaweka kidole kwenye nukta nyekundu kubwa.

"Hapa mmeandika wazee watano?"

"Ndiyo, mama."

"Mwanangu, hapa anaishi binti mmoja na watoto wake. Mzee wa nyumba hii tulimzika mwaka juzi."

Wale watano walikuwa watoto. Ofisi ilikuta kolamu sita ambazo majina yake hayasemi kitu, ikachagua moja kwa kukisia.

Kilichotokea ni hiki. Shepufaili huweka jedwali lake ndani ya faili lenye mkia wa .dbf, fomati iliyorithiwa kutoka dBase, programu ya hifadhidata ya miaka ya 1980. Humo jina la kolamu haliruhusiwi kuzidi herufi 10. Hesabu mwenyewe: i-d-a-d-i ni tano, kistari cha chini cha sita, "ya" inafikisha nane, kistari kingine cha tisa, na "w" ndiyo ya kumi. Panga linashuka hapo hapo. Na kwa kuwa jedwali haliwezi kuwa na kolamu mbili za jina moja, programu ikazibandika zilizofuata namba, 1 hadi 5.

Nimelifikiria sana jambo hili, kwa sababu linaiumiza lugha yetu kuliko nyingine nyingi. Kiswahili hutanguliza jina kuu na kuacha kinachotofautisha kije nyuma: idadi ya fulani, aina ya kitu fulani, umbali wa mahali fulani. Juu ya hapo, ngeli ya A-WA inafanya makundi mengi ya watu yaanze na herufi ileile. Wazee, watoto, wajane, wagonjwa, wapangaji, wote ni "w". Aliyeweka kikomo cha herufi 10 hakuwa na sisi akilini, wala simlaumu. Lakini mtu anayekusanya data kwa Kiswahili mwaka huu na kuzihifadhi kwa shepufaili anapaswa kujua kwamba sehemu ya jina inayobeba maana ndiyo inayokatwa.

Haki yake nayo niiseme. Shepufaili ilitoka kwa kampuni ya Esri ya Marekani mwanzoni mwa miaka ya 1990, pamoja na programu yao ya ArcView. Mwaka 1998 Esri walichapisha maelezo kamili ya jinsi inavyoandikwa, baiti kwa baiti, na kuanzia hapo mtu yeyote aliweza kutengeneza programu ya kuisoma. Uamuzi ule ndio ulioifanya ienee dunia nzima. Kabla yake, kuhamisha ramani kutoka programu ya kampuni hii kwenda ya kampuni ile kulikuwa mateso. Wizara, halmashauri, mashirika ya misaada, vyuo, wote wana kabati zilizojaa shepufaili, na nyingi bado zinafunguka leo bila shida yoyote. Fomati inayosomeka baada ya miaka zaidi ya 25 inastahili heshima.

Ila jina lake linapotosha. Inaitwa faili, na kumbe ni kifurushi. Kuna .shp lenye maumbo, .shx lenye faharasa ya maumbo hayo, na .dbf lenye jedwali. Hayo matatu ni lazima. Kisha kuna .prj linaloeleza majiranukta, zile namba zinazotaja mahali, yamepimwa kwa mfumo gani, .cpg linaloeleza herufi zimeandikwaje, na mengine zaidi. Sijui nimepokea mara ngapi .shp peke yake kwenye WhatsApp, na aliyenitumia anaapa kwamba ametuma ramani. Bila .dbf unapata nyumba zisizo na wenyewe: maumbo matupu, hayana jina wala namba.

Linalokosekana mara nyingi zaidi ni .prj, na hapo hatari ni kubwa kwa sababu ramani inafunguka vizuri tu. Kwetu Tanzania, kama Kenya na Uganda, ramani nyingi za zamani na vipimo vingi vya viwanja viko kwenye mfumo wa Arc 1960, uliojengwa juu ya umbo la dunia lililokokotolewa na Clarke mwaka 1880. Simu na GPS hutumia WGS 84. Mifumo hiyo miwili ikichanganywa, kitu kilekile kinahama karibu mita 300. Kwenye ramani ya nchi nzima hutaona tofauti yoyote. Kwenye mtaa wa bondeni, mita 300 zinaweza kuitoa nyumba kwenye maji na kuipandisha mlimani.

Kuna na suala la kanda. Mfumo wa UTM unaigawa dunia katika vipande vya digrii sita, na Tanzania imekaa juu ya vitatu: Kigoma iko kanda ya 35, Mwanza na Dodoma kanda ya 36, Dar es Salaam kanda ya 37. Namba zenyewe hazikwambii ni za kanda ipi. Mashariki 530,000 na kaskazini 9,248,000 ni Dar es Salaam ukisema kanda ya 37, na namba hizohizo ukizisoma kwa kanda ya 36 zinakutupa zaidi ya kilomita 600 magharibi, kusini mwa mji wa Tabora. Kale ka-prj kadogo, maandishi ya mstari mmoja, ndiko kanakolijua hilo. Na ndiko ambako watu hukafuta wakidhani ni takataka.

Nimesema majina ya kolamu hukatwa. Majina ya mahali nayo yana msiba wake. Kiswahili hakina herufi za ajabu, tuna alfabeti nyepesi kabisa, isipokuwa kile kialama cha juu katika ng'. Chang'ombe, pale Temeke, ni jina nililowahi kuliona limeandikwa Changâ€™ombe kwenye ramani iliyokwisha kubandikwa ukutani. Simu za kisasa hukipinda kile kialama bila kukuuliza. Kilichopindika kinachukua baiti tatu katika UTF-8, mfumo wa kisasa wa kuandika herufi kwenye kompyuta. Programu inayodhani inasoma mfumo wa zamani wa Windows inaziona baiti hizo kama herufi tatu tofauti. Faili la .cpg lenye neno moja tu, UTF-8, lingezuia aibu hiyo. Na hata ukisalimika hapo, Chang'ombe yenye kialama kilichonyooka na Chang’ombe yenye kilichopinda ni majina mawili kwa kompyuta. Ukiunganisha jedwali la watu na jedwali la mipaka ya kata, kata moja inabaki tupu, na asiyelijua hilo atafikiri haina watu.

Neno "tupu" ndilo lililonikosesha usingizi kuliko yote.

Kati ya nyumba zetu, zipo ambazo vijana walikuta zimefungwa. Walirudi mara ya pili, mara ya tatu, hakuna mtu. Kwenye fomu nafasi ile waliiacha wazi, kama nilivyowafundisha: usiandike kitu usichokiona. Fomati ya .dbf haina njia nzuri ya kutofautisha "hakuna" na "hatujui". Programu nyingine zikikutana na nafasi wazi katika kolamu ya namba, huandika sifuri. Zetu ziliandikwa sifuri. Nyumba ambayo hatukuwahi kumwona mtu wake ikawa nyumba ambayo tumethibitisha haina mzee. Kwenye ramani, nyumba za aina zote mbili zilikuwa na rangi moja ya kijani. Mtu mwenye boti na usiku mmoja wa kuamua aanzie wapi angeziruka.

Nilirudi kwenye faili la awali, lile la CSV lililotoka kwenye simu moja kwa moja. Fomati maskini kuliko zote: maandishi yaliyotenganishwa kwa mkato, haina umbo, haina mfumo wa majiranukta, haina rangi. Lakini majina ya kolamu yalikuwa mazima na nafasi wazi zilikuwa wazi. Tangu siku hiyo sifuti CSV ya kwanza, wala siigusi. Naiweka kando kama stakabadhi.

Kutoka pale nilianza upya, na safari hii nilijiuliza swali ambalo ningepaswa kujiuliza mwanzo: nani atalifungua faili hili, kwa chombo gani, akiwa wapi?

Kwa kazi yangu mwenyewe na ya wenzangu wa ramani, tunaotumia programu ya QGIS, nilihamia GeoPackage. Ni fomati iliyopitishwa mwaka 2014 na OGC, chombo cha kimataifa kinachosimamia viwango vya data za ramani, na tangu QGIS 3 ilipotoka mwaka 2018 ndiyo fomati ambayo programu hiyo inakupendekezea kwanza. Ndani yake ni hifadhidata ya SQLite, teknolojia ileile iliyo ndani ya karibu kila simu. Faili ni moja kwelikweli. Nyumba, njia, mitaro na mipaka ya mashina vinakaa humo pamoja, kila kimoja na jedwali lake, mfumo wa majiranukta umeandikwa ndani, hata rangi za ramani unaweza kuzihifadhi humo. Kolamu ikiitwa idadi_ya_wenye_ulemavu inabaki hivyo. Nafasi wazi inabaki wazi.

Ina tabia moja ambayo lazima uijue. Ukiwa umeifungua, hutokea mafaili mawili madogo pembeni, yenye mikia ya -wal na -shm, na mabadiliko yako ya mwisho huenda yamo katika lile la kwanza. Ukinakili .gpkg peke yake kwenye flashi wakati QGIS bado iko wazi, unaweza kuondoka na kazi ya jana. Funga programu kwanza, ndipo unakili.

Mtaalamu wa tovuti aliyetusaidia kuweka ramani mtandaoni alitaka GeoJSON, naye alikuwa sahihi. Naipenda kwa sababu haina siri: ni maandishi matupu, unaweza kuifungua kwa programu ya kuandikia tu ukaona nyumba, jina lake na majira yake. Kiwango chake kilichapishwa Agosti 2016 kwa jina la RFC 7946, na kimekata mzizi wa fitina ya mifumo: majiranukta yote yawe WGS 84, basi. Ila kinataka longitudo ianze, latitudo ifuate, na sisi tuliofundishwa darasani kutaja latitudo kwanza tunateleza hapo kila siku. Fomu zetu za simu pia zilitoa latitudo kwanza. Dar es Salaam inatakiwa iandikwe [39.28, -6.80]. Ukizigeuza, mtaa wetu unaibuka magharibi mwa Hispania, kati ya miji ya Badajoz na Cáceres. Ukisahau alama ya kutoa, unatua nyanda za juu za kusini mwa Ethiopia. Nimekwisha kuona vyote viwili, na sasa kila faili ninalotengeneza nalifungua juu ya picha ya satelaiti kabla sijamtumia mtu.

Jambo jingine dogo: programu nyingi hutoa GeoJSON yenye tarakimu 15 baada ya nukta ya desimali. Tarakimu sita zinatosha kuonyesha kitu kwa usahihi wa sentimita kama 11. Tarakimu 15 zinadai umejua mlango wa mtu kwa kipimo cha atomu, ilhali simu iliyochukua nukta ile inayumba mita kadhaa. Zikate. Faili litapungua sana, na kwa mtu anayenunua bando la siku hiyo ni fedha.

Mwenyekiti hana QGIS wala haihitaji. Ana simu, na kwenye simu ana Google Earth. Kwake nilitengeneza KML, fomati iliyoanzia kwenye kampuni ya Keyhole, ambayo Google waliinunua mwaka 2004. Mwaka 2008 ikawa kiwango cha OGC. Kwa uchambuzi ni dhaifu, sitaikokotolea chochote. Lakini inajua kitu ambacho nyingine hazijui vizuri: kumwonyesha mtu. Rangi zinakwenda nayo, maelezo yanakwenda nayo, ukigusa nyumba inakuambia kwa sentensi. Nilimtumia, akaifungua akiwa amekaa nje ya ofisi yake, akavuta kwa vidole viwili mpaka akaiona paa ya msikiti na mti wa mwembe. Akanyamaza kidogo, kisha akaanza kuniambia mambo ambayo hayakuwa kwenye data yoyote: kalavati hili limeziba, njia hii ina ukuta mpya, hapa maji hupita nyuma. Nikaandika yote. Kwa maoni yangu fomati nzuri kwa mtu ni ile inayomfanya aanze kukusahihisha.

Mistari ya nyumba zenyewe hatukuichora sisi. Tuliikuta OpenStreetMap, ramani huria ya dunia inayochorwa na watu wa kujitolea. Mwaka 2015 mradi wa Ramani Huria ulianza kuwakutanisha wanafunzi wa vyuo na wakazi kuchora kata za Dar es Salaam zinazokumbwa na mafuriko, na kazi yao iko wazi kwa kila mtu mpaka leo. Humo hakuna kolamu kabisa. Kila kitu kinabeba vibandiko vyake, kimoja au 20, na jina la Kiswahili linakaa kamili. Nikiwaza ni wanafunzi wangapi walilowa miguu kwenye mitaro ile ili mimi nipate umbo la nyumba moja kwa kubofya, nashukuru kwamba walikiweka walichokiona mahali ambapo kinachukulika.

Picha za droni nazigusia tu. Zile huhifadhiwa kama GeoTIFF, picha inayojua iko wapi duniani, na uzito wake ni wa kutisha: kilomita moja ya mraba kwa usahihi wa sentimita 5 ni pikseli milioni 400, yaani zaidi ya gigabaiti moja kabla ya kubanwa. Siku hizi kuna namna ya kuipanga ndani ili mtu aliye mbali avute kipande anachokitazama tu. Aliyefanya hivyo, kwetu sisi wa mtandao wa kubahatisha, alitufanyia hisani.

Limebaki moja ambalo sikulifikiria hadi mwenyekiti aliponiuliza kama ramani ile inaweza kuwekwa kwenye kundi la WhatsApp la mtaa. Nilikuwa karibu kusema ndiyo. Kisha nikajiona natangaza, kwa usahihi wa mita chache, nyumba ambazo mzee analala peke yake.

Nikafuta kolamu ya wazee kwenye nakala ya kundi. Bahati nzuri nilikagua tena, kwa sababu kufuta ndani ya fomati hizi hakumaanishi unavyodhani. Katika .dbf, mstari uliofutwa huwekewa alama ya nyota tu na kubaki palepale hadi faili lipangwe upya. Katika GeoPackage, nafasi iliyoachwa inaweza kubaki na maandishi ya zamani mpaka uiamuru SQLite isafishe, kwa amri ya VACUUM. Njia salama ni kutofuta: tengeneza faili jipya, ingiza ndani yake kile tu unachotaka watu wakione. Kundi lilipata njia za kukimbilia, shule ya kukusanyikia na mitaro. Nyumba za wazee zilibaki kwa mwenyekiti, kwa wajumbe wa mashina, na kwenye karatasi moja ndani ya droo inayofungwa.

Masika yalipokaribia tulirudia nyumba zote ambazo nafasi zake kwenye jedwali zilikuwa wazi. Safari hii nilibadilisha majina ya kolamu ili kinachotofautisha kitangulie: wazee_idadi, watoto_idadi, wanawake_idadi. Najua siku moja mtu nisiyemjua atazigeuza kuwa shepufaili, kwa sababu ofisi yake haina kingine, na nataka herufi 10 za kwanza zimtoshe. Kando ya kila faili ninaloligawa sasa kuna la maandishi linaloitwa SOMA_KWANZA. La mtaa ule linasema hivi:

Majiranukta: WGS 84, longitudo kisha latitudo.
Nukta ilichukuliwa mlangoni, si katikati ya nyumba.
wazee_idadi: watu wa miaka 60 na zaidi wanaolala nyumba hii.
0 maana yake tuliuliza, tukaambiwa hakuna.
Nafasi ikiwa wazi, hatukumkuta mtu. Nenda ukagonge.